«Alien» si mgeni

Katika orodha ya msamiati tunayopewa mwaka wa kwanza kuna mstari mmoja ambao kila mwanafunzi wa idara ya Kiingereza ameukariri: «foreigner», «stranger», «alien», «outsider». Mbele ya maneno hayo manne limewekwa neno moja la Kifaransa, «étranger», na ukimwuliza mwenzako maana yake kwa Kiswahili atakujibu bila kusita kuwa ni mgeni. Mimi naomba mstari huo ufutwe. Si kwamba ni mgumu kwa wanafunzi. Ni mwepesi mno, na wepesi wake unalipiwa na watu wasioketi katika madarasa yetu.

Tuanzie London, maana huko maneno haya yaligawana kazi waziwazi. London ya karne ya 16 ilikuwa mji wenye ukuta na milango. Aliyeitwa «citizen» hakuwa mwananchi wa Uingereza nzima. Alikuwa mtu wa mji ule tu, aliyepokelewa na chama cha ufundi au cha biashara, na kwa sababu hiyo aliruhusiwa kufungua duka na kuuza rejareja ndani ya ukuta. Uraia wake ulikuwa kibali cha kazi kabla ya kuwa mapenzi ya nchi. Sasa mchukue kijana aliyezaliwa Kent au Yorkshire, Mwingereza kwa baba na kwa mama. Akiingia London bila kibali hicho, mji ulimhesabu kuwa «foreigner». Fundi wa nguo kutoka Flanders au mfanyabiashara kutoka Italia, ambaye alivuka bahari, hakuitwa hivyo: yeye alikuwa «stranger» au «alien». Yaani «foreigner» aliweza kuwa binamu yako wa kijijini, anayesema lugha yako na kusali kanisani kwako.

Asili ya neno inaeleza hayo. Linatoka kwenye Kilatini «foris», nje ya mlango, likapitia «forain» ya Kifaransa cha zamani. Herufi g iliyomo ndani haina kazi yoyote. Ilichomekwa baadaye, yaelekea kwa kuigiza sura ya «reign» na «sovereign», kwa hiyo wenzetu wanaoisahau kwenye imla wanaisahau kwa haki. Kinyume cha «forain» kilikuwa mtu wa ndani, kutoka «deinz», na kwa Kiingereza akawa «denizen». Mfalme aliweza kumwandikia mtu wa nje barua na kumfanya «denizen»: akanunua ardhi na kuwaachia wengine kwa wosia, lakini kurithi hakuweza. Alikuwa ndani nusu. Leo neno hilo linatumika zaidi kwa samaki wa kilindini na wanyama wa msituni, nami huona ni mwisho wa ajabu kwa neno lililowahi kupigiwa muhuri wa mfalme.

Ndani ya ukuta ule maneno hayakuwa mapambo. Tarehe 1 Mei 1517 vijana wanagenzi na watu wengine wa London walivamia nyumba na maduka ya hao «strangers», wakilalamika kwamba wanawanyang'anya kazi na riziki. Waingereza huiita siku hiyo Mei Mosi mbaya. Baadaye iliingizwa katika tamthilia ya Sir Thomas More, na wataalamu wengi wanakubali kwamba kurasa kadhaa za mswada wake ni za mkono wa Shakespeare. Katika kurasa hizo More hawahubirii wafanya ghasia kuhusu upendo. Anawaambia wajifikirie wao wenyewe wamefukuzwa kwao, wamefika nchi nyingine, na huko wao ndio «strangers». Neno ni lile lile, limegeuziwa uso tu.

Sasa «alien». Hili silo neno la mlango. Kilatini «alienus» ni cha mwingine, mali ya mwingine, na ndiyo maana sheria ya Kiingereza ililipenda. «Foreigner» anaulizwa unatoka wapi. «Alien» anaulizwa wewe ni wa nani. Mwaka 1603 James, mfalme wa Scotland, alirithi pia kiti cha Uingereza, na likazuka swali kuhusu mtoto aliyezaliwa Scotland baada ya hapo: je, anaweza kushika ardhi Uingereza? Mahakimu walijibu mwaka 1608, katika kesi ambayo Edward Coke aliiandikia taarifa ndefu inayosomwa na wanasheria hadi leo. Walisema mtoto huyo si «alien», kwa kuwa amezaliwa chini ya utii wa mfalme yule yule. Angalieni: hawakuuliza lugha yake, wala mila yake, wala rangi yake. Waliuliza bwana wake ni nani. Ni sheria ya mwaka 1870 iliyokuja kumruhusu «alien» kumiliki ardhi huko sawa na mzaliwa. Na mzaliwa mwenyewe hakuitwa «citizen» wa nchi. Aliitwa «subject», mtawaliwa wa mfalme, mpaka sheria ya mwaka 1948 ilipoleta neno «citizen» kwa watu wa Uingereza na makoloni yake.

Wale wanaosoma Mfanyabiashara wa Venisi pamoja nami wakumbuke namna kesi ya Shylock inavyogeuka. Inaanza kama kesi ya deni. Mkataba upo, saini ipo, na hata Portia anakiri kwamba mdai ana haki. Kisha inatajwa sheria ya mji dhidi ya «alien» anayetafuta uhai wa «citizen», na kwa neno hilo moja mdai anakuwa mshtakiwa. Shylock anaishi Venisi, anafanya biashara Venisi, nyumba yake iko Venisi. Wanafunzi wanaoandika kwenye karatasi ya mtihani kuwa alishindwa kwa sababu ya damu na nyama wamesoma nusu ya kesi.

Wamarekani walipomwasi mfalme walilitupa neno «subject» na kujiita «citizens». «Alien» wakalihifadhi. Mwaka 1798 walitunga sheria kuhusu «aliens» walio maadui, nayo bado ipo: mwaka 2025 serikali yao iliitumia kuwatoa nchini watu wa Venezuela. Mwaka 1940 waliamuru kila «alien» aandikishwe na kuchukuliwa alama za vidole, na kadi ambayo ulimwengu mzima huiita kadi ya kijani iliwahi kubeba jina hilo la usajili wa «alien». Wanafunzi wengi wa siku hizi hulijua neno kutoka kwenye filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1979, wakadhani serikali ya Marekani imeazima jina la dude la angani ili kuwatukana watu. Mambo yalikwenda kinyume. Sheria ilikuwa nalo karne nyingi kabla ya watunga hadithi kulipeleka angani. Lakini matusi yapo, kwa sababu neno likishakwenda angani halirudi likiwa safi.

Halafu kuna wale ambao hawakutoka nje kabisa na bado hawakuhesabiwa kuwa ndani. Mwaka 1857 mahakama kuu ya Marekani, katika kesi ya Dred Scott, ilisema mtu mweusi wa asili ya watumwa, hata akiwa huru, hawezi kuwa «citizen» wa nchi hiyo. Ilihitajika vita na badiliko la katiba la mwaka 1868 kulifuta jibu hilo. Wenyeji wa kwanza wa bara lile, waliokuwapo kabla ya wote, walisubiri hadi mwaka 1924 ndipo sheria ikawapa uraia wote. Mtu anayedhani «citizen» ni aliyezaliwa hapa na «alien» ni aliyekuja ayatazame hayo.

Nimerefusha historia kwa makusudi, kwa sababu sasa nataka kuonyesha gharama. Marekani imepokea wakimbizi wengi sana kutoka nchi yetu; katika miaka kadhaa ya karibuni Kongo ilikuwa ya kwanza katika hesabu ya wakimbizi walioingia huko. Kila mmoja wao hupewa namba inayoanza na herufi A, na hiyo A ni «alien». Mwaka jana mama mmoja jirani yetu aliniletea simu yake. Mwanawe, aliyepitia kambi ya Zambia, alikuwa amemtumia picha ya karatasi, akamweleza kwamba mkalimani wa huko alimwambia hiyo ni «namba ya mgeni». Mama alikuwa na furaha. «Basi banamupokea sawa mugeni,» aliniambia. «Ni muzuri, mwana wangu.»

Mama hakukosea Kiswahili. Katika Kiswahili mgeni ana mwenyeji, na mwenyeji ndiye mwenye mzigo: atamtafutia mahali pa kulala, atamjulisha kwa majirani, atajua anakwenda wapi. Mgeni haandiki barua serikalini kabla ya kwenda kulala kwa mjomba wake. Kijana yule alihamia kwa mjomba wake katika mji mwingine na hakuandika popote. Lakini «alien» wa sheria ile anatakiwa kuijulisha serikali anwani yake mpya ndani ya siku 10, na zipo fomu na njia maalumu za kufanya hivyo. Barua za shughuli zake ziliendelea kwenda kwenye nyumba ya zamani, na miadi moja ikapita bila yeye kujua. Ilimchukua miezi kuitengeneza. Hakuna aliyemdanganya. Alipewa neno lenye ukarimu mahali palipokuwa na wajibu, akaishi kwa kulifuata neno alilopewa.

Mimi ningemwandikia «namba ya asiye raia». Najua walimu wawili watakaonipinga. Mmoja atasema maneno hayo ni baridi. Ni kweli, na sheria yenyewe ni baridi. Kazi ya mkalimani si kuipasha moto. Wa pili atasema ninapoteza wakati, kwamba lugha haina hatia, na kwamba mtu anayefukuzwa anafukuzwa na polisi, si na kamusi. Huyu ana hoja nzito zaidi. Mwaka 2021 serikali ya Marekani iliagiza maofisa wake wa uhamiaji waache «alien» na waandike «noncitizen». Mwaka 2025 serikali iliyofuata ikarudisha «alien». Katika miaka yote hiyo maandishi ya sheria hayakubadilika hata herufi. Mtu aliyepelekwa uwanja wa ndege mwaka 2022 alipelekwa vile vile. Nakubali hayo yote. Ila mimi sidai kwamba neno litamwokoa mtu na ndege. Nadai kwamba mtu anayejua ameitwa nini anajua afanye nini kabla ya siku ya ndege. Na hapo lugha ina kazi, na kazi hiyo ni yetu, kwa sababu wakalimani hawa tunawafundisha sisi.

Wapo wanaojivuna kwamba Kiswahili hakina «alien» kwa kuwa sisi ni watu wa ukarimu. Taratibu. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi naipenda kuliko hotuba nyingi za uraia, kwa kuwa inampa mgeni mwisho: siku ya tatu analima, na anayelima amekwisha kuanza kuwa wa hapa. Wala haimdai cheti. Lakini «raia» nalo tumelichukua kwenye Kiarabu, na kule lilitoka kwenye kuchunga: raia walikuwa kundi, na mtawala mchungaji wao. Kwa hiyo neno letu la heshima ni ndugu wa «subject» kuliko «citizen». Mitaani kwetu Lubumbashi raia ni yeyote asiyebeba bunduki. Askari ni askari, wengine wote ni raia. Zamani za Mobutu wote waliitwa «citoyen» na «citoyenne», hata aliyekuwa anasimamishwa njiani na kuvuliwa saa. Kupewa jina la uraia si kupewa uraia.

Na kuna neno jingine la Kiingereza ambalo idara yetu inalisujudia bila kulitazama: «native». Tukisema fulani anazungumza kama «native speaker» tumemsifu hadi mwisho. Lakini ng'ambo ya Kasumbalesa, wakati Zambia ilipokuwa Rhodesia ya Kaskazini, «native» alikuwa mtu wa kutengewa maeneo yake na watawala wake wa chini, kama «indigène» wa Wabelgiji kwetu. Kwa hiyo babu yangu, akiwa nyumbani kwake, aliitwa kwa neno la kumshusha, na mjukuu wake akifika kwao ataitwa «alien». Mtu wa kule akija huku na mkoba wake wa shirika si «native» wala «alien», wala hata «immigrant». Yeye ni «expatriate», kwa kifupi «expat», hata akikaa hapa miaka 20 na kuzeeka. Katika msamiati huu anayesafiri kutoka juu kwenda chini hupewa neno lake mwenyewe. Sijaona orodha ya darasani inayoliweka neno hilo kwenye mstari mmoja na yale manne, na ningependa mtu anieleze kwa nini.

Sasa nirudi kwa kijana wa Kent, maana yeye ndiye anayetuhusu sana sisi wa mji huu. Nilisema Kiingereza kilikuwa na neno kwa mwananchi wa nchi ile ile ambaye mji unamhesabu kuwa wa nje. Kiingereza kimeliacha jambo hilo. «Foreigner» wa leo amevuka mpaka wa nchi. Sisi jambo tunalo, na majina tunayo. Kwenye ofisi linaitwa «non-originaire», na linavaa tai. Mwaka 1992 na 1993, katika eneo hili la Katanga, watu wenye asili ya Kasai waliitwa «bilulu», wadudu, wakafukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya reli wakisubiri garimoshi la kwenda mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kupaona. Wazee wao waliletwa na Union Minière na kampuni ya reli, na wao wenyewe walizaliwa hapa. Hawakuwa «aliens» mbele ya sheria yoyote. Katiba tuliyo nayo tangu mwaka 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye ndani ya nchi haki ya kwenda na kukaa anapotaka. Lakini hakuna kifungu kinachofuta neno, na neno lile bado naliona likitumwa kwenye simu kila uchaguzi unapokaribia, na mara nyingine anayelituma ni mtu mwenye diploma ya lugha.

Ndiyo maana siridhiki na mwalimu anayesema maneno haya manne ni visawe. Mwanafunzi aliyejua kwamba London ilimwita Mwingereza «foreigner», na kwamba Mei 1517 ilianza kwa mazungumzo ya nani anachukua kazi ya nani, ana kitu cha kumwambia jirani yake hapa. Aliyejua visawe hana.

Pendekezo langu kwa walimu wa msamiati ni dogo. Muhula ujao ule mstari uondolewe, na mahali pake wanafunzi wapewe karatasi tatu: fomu ya kuingia nchi jirani, ukurasa wa sheria ya uhamiaji ya Marekani, na sehemu ya kesi ya Shylock. Wazitafsiri zote tatu kwa Kiswahili, na marufuku iwe moja tu, kutumia neno «mgeni» mara mbili kwa maneno mawili tofauti. Watateseka. Watagundua kwamba «national» na «citizen» si kitu kimoja, kwamba aliyezaliwa Samoa ya Marekani ana la kwanza bila la pili, na kwamba Kifaransa hakitawasaidia.

Kifaransa chenyewe kina hadithi yake. Riwaya ya Albert Camus ya mwaka 1942 inaitwa L'Étranger. Mwaka 1946 tafsiri moja ya Kiingereza, ya Stuart Gilbert, ilitoka kwa majina mawili: London ikasoma The Outsider, New York ikasoma The Stranger. Katika idara tumebishana sana lipi ni sahihi, na karibu kila mara tunamzungumzia Meursault: ni mtu asiyejulikana, au mtu aliye kando ya wenzake? Mara chache sana tunamzungumzia yule Mwarabu anayeuawa ufukweni, ambaye kitabu hakimpi hata jina. Meursault ni raia wa Ufaransa, yuko Algiers. Aliyeuawa yuko kwao, na sheria ya siku zile iliwahesabu Waislamu wengi wa Algeria kuwa watawaliwa wa Ufaransa bila haki kamili za raia. Mimi nikipewa kazi ya kukitafsiri kitabu hicho kwa Kiswahili, jina la «Mgeni» nisingeliweka kwenye jalada kabla ya kuamua ni nani kati ya hao wawili ninayemwita hivyo.